Karata, Drafti na Vitofali: Mwongozo Kamili wa Michezo ya Mezani kwa Familia ya Nairobi

Pakiti moja ya karata, vifuniko 24 vya soda na upande mmoja wa katoni vinatosha kuiweka familia mezani kila Jumapili kwa mwaka mzima. Nyumba nyingi hazishindwi na bei. Zinashindwa kwa sababu kanuni hazikukubaliwa kabla ya kuanza, kwa sababu kipande kimoja kilipotelea chini ya kochi, au kwa sababu mchezo wa saa tatu uliletwa mbele ya mtoto mwenye subira ya dakika thelathini. Tutaanza na michezo inayogharimu karibu bure, kisha tuingie kwenye vitofali vya kujengea, ambako pesa hupotea upesi mtu asipojua anachonunua.

Hesabu watu kabla ya kuchagua mchezo

Kabla ya kununua sanduku lolote, jibu maswali haya: mezani mtakuwa wangapi, mdogo kabisa ana umri gani, na mna muda gani kabla ya chakula au kabla ya watoto kurudi kwenye kazi ya shule. Idadi ya wachezaji huandikwa ubavuni mwa sanduku na watu wengi huipuuza. Catan ya kawaida, kwa mfano, ni ya watu watatu au wanne. Familia ya watano ikiinunua, mmoja atabaki mtazamaji mpaka mnunue sanduku la nyongeza. Ticket to Ride na Carcassonne huenda mpaka watu watano, na Carcassonne inafaa zaidi kwa wanaoanza: ina vigae 72 vya ramani, kila mtu huchukua kimoja na kukiweka, na mtoto anaelewa baada ya zamu mbili.

Kwa muda, chukua kipimo hiki: mtoto wa miaka mitano au sita ana dakika kama ishirini, wa miaka minane ana arobaini, na kuanzia kumi na moja mnaweza kucheza saa nzima bila mtu kuanza kulalia meza. Ukiwa na watoto wa umri tofauti, usijaribu kutafuta mchezo wa wastani. Mweke mdogo upande wa mkubwa wawe timu moja, mdogo akirusha dadu na mkubwa akiamua.

Neno moja kuhusu Monopoly, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa kila mahali kwamba haiishi. Mara nyingi kosa ni la nyumba. Kanuni za mchezo zinasema mtu akitua kwenye mtaa usio na mwenyewe na akakataa kuununua, mtaa huo unapigwa mnada papo hapo. Nyumba nyingi huruka mnada, halafu huweka faini zote katikati ya ubao ili atakayetua pale pa kuegesha bure azichukue. Mitaa inachelewa kununuliwa, pesa zinarudi mikononi mwa watu, na hakuna anayefilisika. Rudisha mnada, ondoa zawadi ya katikati, na mchezo utapungua muda kwa kiasi kikubwa.

Kadi: mchezo ambao tayari nusu ya nyumba inaujua

Nairobi ukitaja "kadi" kila mtu anajua ni ule mchezo wa kumaliza karata mkononi. Shida ni kwamba kila mtaa una kanuni zake, na binamu aliyetoka Umoja akiketi na binamu aliyetoka Rongai, ugomvi huanza kwenye karata ya tatu. Huu hapa msingi unaokubalika sehemu nyingi.

Chukua pakiti kamili ya karata 52 na joka mbili, jumla 54. Mgawie kila mtu karata nne, weka rundo katikati, na ufunue moja ya kawaida ya kuanzia. Kila mtu kwa zamu yake huweka karata inayofanana na iliyo juu kwa namba au kwa aina: kopa, uru, shupaza au pau. Asiye nayo huokota moja. Karata zenye kazi ni hizi:

– 2 humfanya anayefuata aokote mbili, 3 aokote tatu, na joka aokote tano.
– A huzima adhabu hiyo. Ikiwekwa wakati hakuna adhabu, aliyeiweka huchagua aina itakayofuata.
– J humruka anayefuata. K hurudisha mchezo nyuma.
– Q na 8 ni maswali. Ukiweka swali lazima ulijibu mwenyewe kwa karata ya aina ileile, la sivyo unaokota.

Anayejua kwamba zamu ijayo anamaliza lazima aseme "niko kadi" kabla zamu yake hii haijaisha. Kumaliza hufanywa kwa karata ya kawaida tu: 4, 5, 6, 7, 9 au 10.

Tazama mkono huu. Mezani kuna 9 ya kopa. Umebaki na Q ya kopa, 8 ya kopa na 6 ya kopa, na zamu iliyopita ulisema niko kadi. Unaweka Q, ambayo ni swali. Unaweka 8 juu yake, swali juu ya swali. Kisha 6 inajibu yote mawili. Karata tatu zimeondoka kwa pigo moja. Mtoto akiliona hili mara moja, hatasahau tena kwamba maswali ni mali ya kuwekwa akiba, wala hatayatupa mapema.

Sasa yale yanayoleta kelele. Kabla ya kugawa, kubalianeni kwa sauti: je, 2 ikiwekwa juu ya 2, adhabu inajumlishwa kuwa nne au inahama tu ikiwa mbili? Je, 3 inaweza kujibu 2? Unaweza kuweka karata mbili za namba moja kwa pamoja? Aliyesahau kusema niko kadi anaadhibiwa karata ngapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ikae ndani ya pakiti. Hakuna jibu lililo sahihi kuliko jingine, ila la kujumlisha adhabu huwaumiza watoto wadogo: atakayeokota karata kumi na moja ni yule asiye na A, na mara nyingi ni mdogo.

Zipo nyumba zisizotaka karata kwa sababu ya kamari, na shosho akikunja uso ni heri kumheshimu. Mchezo uleule unaweza kuchezwa kwa kadi za UNO, au kwa kadi mlizokata wenyewe zenye namba na rangi nne.

Drafti ya katoni

Kifuniko cha soda kina upana wa karibu sentimita tatu, kwa hiyo kila mraba uwe na sentimita nne ili vidole viingie. Miraba minane mara minane inakupa ubao wa sentimita 32 kila upande. Kata katoni ngumu ya sentimita 36 ili ubaki na ukingo wa sentimita mbili pande zote, chora kwa rula, kisha paka miraba 32 rangi nyeusi au uijaze kwa kalamu. Ukichora kwa kukisia bila rula, mistari ya mwisho itapinda na vifuniko vitakaa kwenye mipaka, na hapo ndipo mtu hubishana kama kete yake ilikuwa mraba huu au ule.

Vifuniko kumi na viwili hulala kifudifudi, vingine kumi na viwili chali. Huhitaji rangi. Kete ikifika mwisho, panda kifuniko cha pili juu yake awe king. Vifuniko vilivyopindwa na kifungulio viache nje kwa sababu havitapandana. Nyuma ya ubao andika makubaliano: kete ya kawaida inaweza kula kwa kurudi nyuma au la, king anaruka mbali au anapiga hatua moja, na kula ni lazima au ni hiari.

Mzazi akicheza na mtoto, asijifanye kukosea. Watoto hugundua, na ushindi wa kupewa hauna ladha. Punguza kete zako mwenyewe: anza na tisa dhidi ya kumi na mbili, na kila akikushinda mara mbili mfululizo rudisha moja.

Bao kwenye trei ya mayai

Ubao wa bao una safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Fundi wa mbao atakuchimbia mzuri, lakini kabla ya kulipa jaribu kwa trei za mayai. Trei ya mayai 30 ina mashimo matano kwa sita. Kutoka trei ya kwanza kata kipande cha mashimo manne kwa sita. Kutoka ya pili, manne kwa mawili. Viunganishe kwa gundi juu ya katoni nawe una 32 kamili. Kete ziwe maharagwe makubwa makavu. Mahindi hayafai kwa kuwa ni mepesi, yanateleza na hayahesabiki kwa mguso.

Msianze na bao kamili lenye namua (hatua ya kwanza, kete za mkononi zikiingizwa moja moja) na nyumba (shimo maalumu la kuwekea akiba), linahitaji mwalimu. Anzeni na la kujifunza: kila shimo liwe na kete mbili. Kila mtu ana safu mbili zilizo upande wake. Chagua shimo lako lenye kete mbili au zaidi, zichukue zote, uzipande moja moja kuzunguka safu zako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili lina kete pia, unazichukua za mpinzani na kuzipanda upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, ukiendelea na mwelekeo uleule uliokuwa nao. Isipokuwa ulipoteka ni kwenye kichwa chenyewe au shimo linalofuata, kimbi. Hapo unaanza kwenye kichwa cha karibu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kuteka, zoa zote uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala, yaani zamu yako imeisha. Anayeishiwa kete safu ya mbele, au anayebaki na moja moja tu asiweze kucheza, ameshindwa.

Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuanza kupanda kwenye shimo alilozoa. Shimo hilo hubaki tupu. Kete ya kwanza huenda kwenye linalofuata.

Scrabble kwa Kiswahili

Sanduku la Kiingereza lina herufi 100 zilizopangwa kwa ajili ya Kiingereza, na ukijaribu kuandika Kiswahili utakwama kwa sababu iliyo wazi: K ni moja tu, W mbili, M mbili, na E kumi na mbili. Q na X hatuzitumii, na C haisimami bila H. Badala ya kuteseka, badilisha vigae kumi na sita. Tumia vipande vidogo vya utepe wa karatasi wa mafundi rangi na uandike kwa kalamu nyembamba:

Q na X zote mbili ziwe K. R mbili ziwe K pia, sasa una K tano. E nne ziwe A. Zilikuwa tisa, sasa kumi na tatu. D mbili ziwe W, O mbili ziwe M, T moja na G moja ziwe U. Halafu C zote mbili ziandikwe CH, kila moja ikihesabiwa kama kigae kimoja. Jumla inabaki 100.

Alama nazo zinadanganya. K ya Kiingereza ina alama 5 na Z ina 10, hali kwetu Z iko kila mahali: za, zangu, viazi. Tunapendekeza K, M, W na H ziwe 2 kila moja, Y 3, na J, Z na CH ziwe 4. Irabu zibaki 1.

Kigae chenye utepe hutambulika kwa kidole ndani ya mfuko, na mtoto mjanja ataokota K anavyotaka. Kwa hiyo msitumie mfuko. Mwageni vigae vyote mezani vikiwa kifudifudi na kila mtu achukue kwa macho.

Uzuri wake huonekana katika viambishi. Kwa Kiingereza neno lililo mezani hukuzwa zaidi kwa kuongezwa S mwishoni. Kwetu neno hukua kutoka mbele. Weka LIMA, alama 5. Anayefuata anatia M mbele: MLIMA, alama 7, na maana imehama kutoka shambani hadi Ngong. Angekuwa na K na I angepata KILIMA, alama 8. Angekuwa na O angeitia nyuma akapata LIMAO, alama 6. Ndiyo maana usiweke neno fupi lenye mwanzo wazi karibu na mraba wa kuzidisha mara tatu. Umemtengenezea mwenzako barabara.

Amueni mapema kuhusu vitenzi. Mkiruhusu kila umbo, mtu ataandika WATAKAPOLIMA naye yuko sahihi. Kanuni inayofanya kazi ni hii: umbo lolote linaruhusiwa mradi mchezaji alitie kwenye sentensi yenye maana papo hapo, na nomino zenye ubishi ziamuliwe na kamusi moja iliyo nyumbani. Majina ya watu na ya mitaa hayaingii, hata Kawangware ikikujia vizuri kiasi gani.

Vitofali: unachonunua ni mkazo

LEGO ilianzishwa Billund, Denmark, mwaka 1932, na tofali la namna tunayoijua liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Tangu hapo vipimo havijabadilika, ndiyo maana kitofali kikuukuu hushikana na cha juzi. Kutoka kitovu cha kinundu kimoja, yaani kile kivimbe cha mviringo juu ya tofali, hadi kingine ni milimita 8. Kimo cha tofali bila vinundu ni milimita 9.6. Bamba, lile jembamba, ni milimita 3.2, kwa hiyo mabamba matatu yaliyopandana ni sawa na tofali moja. Zishike namba hizi kichwani, zitakuokoa kila unapokosa kipande.

Wa chini ya miaka mitatu asipewe vitofali vidogo kabisa. Mpe Duplo, ambavyo ni vikubwa mara mbili kila upande na bado hushikana na vidogo atakapokua. Kipimo cha nyumbani: kitu chochote kinachopita ndani ya kibomba cha katikati cha karatasi ya choo kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Hii inahusu maharagwe ya bao na dadu pia. Vitu vya kuchezea vyenye sumaku ndogo au betri za mduara viwekwe mbali zaidi. Sumaku mbili zikimezwa hushikana kupitia kuta za utumbo, na betri huunguza koo ndani ya muda mfupi. Hapo ni kukimbia hospitali, hakuna kusubiri asubuhi.

Vipya viko kwenye maduka makubwa ya Westlands na kwingineko, na bei yake unaijua ukifika. Kwenye mitumba, Gikomba au Toi, vitofali huja vimechanganyika na vitu vingine vya kuchezea. Kabla ya kukubali bei ya mfuko, umwage juu ya gazeti na ukague hivi:

Angalia juu ya vinundu. Kitofali cha LEGO kina jina hilo juu ya kila kinundu. Visivyo nalo si lazima viwe vibaya, maana zipo kampuni nyingine zinazotengeneza kwa vipimo vilevile, ila vipime. Panda vitofali kumi vya aina moja, panda kumi vya aina ya pili pembeni yake, na ulaze bamba juu ya minara yote miwili. Kumi vinapaswa kufika milimita 96. Bamba likikaa upande mmoja na kuinuka upande wa pili, aina hizo zisichanganywe kwenye jengo moja. Tofauti iliyo nyembamba kuliko unywele haionekani kwenye tofali moja. Kwenye ghorofa ya kumi inapasua ukuta.

Jaribu mkazo. Shikanisha mawili, ning'iniza la chini, utikise. Likianguka lenyewe limechoka. Alama za meno zipeleke kando. Vyeupe vilivyogeuka njano vimechomwa na jua. Vinashika vizuri lakini ukuta utaonekana una mabaka. Na kijivu kina hila yake: karibu mwaka 2004 LEGO ilibadilisha kijivu chake kikawa na ubluu kidogo, kwa hiyo kwenye mfuko wa mitumba utapata vijivu viwili vinavyofanana usiku na kutofautiana mchana. Vitenganishe dirishani.

Kuosha

Toa vyenye nyaya, injini, stika au kitambaa. Vingine vitie kwenye neti ya vitunguu iliyofungwa, uitumbukize kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni ya maji kidogo. Sugua neti kwa mikono dakika tano, acha nusu saa, suuza mara mbili. Maji yanayochemka huvipinda, na kitofali kilichopinda hakirudi. Jik usitie. Anika kivulini juu ya taulo, vinundu vikitazama juu ili maji yatoke kwenye matundu, na uvigeuze baada ya saa kadhaa. Msimu wa mvua ndefu vipe siku mbili. Vikifungiwa na unyevu vitatoa harufu ya kitambaa cha jikoni. Kwa sababu hiyohiyo ya joto, usiache sanduku kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kupanga

Karibu kila anayeanza hupanga kwa rangi, nayo ni kazi ya bure. Jicho huona chekundu kimoja katikati ya vitofali vya umbo moja mara moja, lakini kutafuta umbo fulani ndani ya ndoo ya vyekundu mia tatu ni adhabu. Panga kwa umbo: matofali, mabamba, vya mteremko, vya laini juu, magurudumu na ekseli, na vidogo. Mikebe ya aiskrimu hutosha; vile vidogo kabisa vikae kwenye trei ya mayai. Ukiwa na chini ya vipande 500, makundi matatu yanatosha.

Jengeni juu ya leso iliyotandazwa, si juu ya vigae vitupu. Kelele hupungua, vipande haviviringiki chini ya kabati, na wakati wa kula ukifika unashika pembe nne unainua kila kitu kwa mara moja.

Kujenga: kishikio cha karata

Mtoto wa miaka sita hawezi kushika karata saba bila kuzionyesha kwa kila mtu. Mjengeni kishikio. Namba iliyo kwenye mabano huandikwa ndogo sana ndani ya kitofali chenyewe, kwa hiyo unaweza kuitafuta.

Mnahitaji mabamba 2 ya 4×8 (3035), matofali 6 ya 1×6 (3009), matofali 3 ya 1×4 (3010) na matofali 2 ya 1×8 (3008). Vipande 13.

1. Laza mabamba mawili kichwa kwa kichwa upate sakafu ya vinundu 4 kwa 16.
2. Safu ya kwanza ya vinundu, iliyo karibu na mchezaji: panga 1×6, 1×4, 1×6. Ile 1×4 ya katikati inakaa juu ya kiungo cha mabamba na kuyafunga.
3. Safu ya pili iache wazi. Ni mfereji wa karata.
4. Safu ya tatu jenga ukuta wa matofali matatu kwenda juu: chini 1×6, 1×4, 1×6, katikati 1×8 mbili, juu tena 1×6, 1×4, 1×6. Ukuta unafika milimita 28.8.
5. Safu ya nne iache tupu. Ni mguu wa nyuma. Bila huo kishikio hupinduka karata zinapolala.

Fundi yeyote wa kujenga Nairobi atakwambia kwa nini safu zimepishana: kiungo hakipandi juu ya kiungo. Ukiweka 1×8 mbili chini kabisa, mwisho wa tofali utakutana na mwisho wa bamba, na mtoto akiinua kishikio kitakatika katikati. Karata ya kawaida ina upana wa milimita 63 na kishikio kina 128, hivyo karata tano hukaa zikipishana kwa milimita 16, namba za pembeni zikionekana. Kwa saba zibane hadi milimita 10.

Mkikosa 1×6, unganisheni 1×4 na 1×2 mradi viungo vipishane. Mkikosa tofali moja katikati ya ukuta, mabamba matatu yanaziba pengo hilo bila kuonekana. Vipande vikishikana kwa nguvu msitumie meno wala kisu; chukueni kitenganishi, ile wenzo ndogo inayokuja kwenye masanduku mengi, au mpande tofali jingine la 2×4 juu ya kilichokwama na mlipindue kama mpini.

Mgongo kwa mgongo

Mchezo huu hauna sanduku na watoto huudai tena na tena. Watu wawili hukaa wakipeana mgongo, kila mmoja na matofali sita ya 2×4 (3001) ya rangi zilezile. Wa kwanza anajenga chochote huku akieleza kwa maneno tu. Wa pili anajenga anachosikia. Dakika tano, kisha wanalinganisha. Msidhani sita ni chache: matofali sita ya 2×4 ya rangi moja yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765.

Jengo huharibika mara nyingi kwenye neno "kushoto". Kila mmoja ana kushoto kwake, na jengo likizungushwa kidogo mambo yameharibika. Wape wote bamba la chini lenye kipande chekundu pembeni, na kanuni kwamba chekundu kitazame tumbo la mchezaji mpaka mwisho. Halafu wazoeeni kuhesabu vinundu: "la bluu, juu ya la njano, limesogea vinundu viwili kuelekea chekundu." Mtoto anayesema "weka hapo juu kidogo" atajifunza mwenyewe akiona alichojengewa.

Kufunga na kuweka

Karata zisifungwe kwa raba bendi. Huacha mkunjo ukingoni na baada ya mwezi kila mtu anaijua A ya kopa kwa mgongo. Zirudishe kwenye pakiti au kwenye mfuko wa zipu. Masanduku yasikae sakafuni, hasa ukuta wa nje unaotoa unyevu wakati wa mvua, na mabao makubwa yalazwe, yasisimamishwe, yasije yakapinda.

Ndani ya kifuniko cha kila sanduku andika idadi: karata 54, vifuniko 24, kete 64, herufi 100. Mhesabu kabla hamjainuka. Pengo likionekana, anzeni kwa kuinua mito ya kochi, kisha pindo za suruali za waliokaa chini, kisha kizoleo, kabla takataka hazijashuka kwenye pipa la ploti.